Mwavuli Wako na Kiboko wa Muleba

Baba Adela,

Nimebeba kigoda changu cha jikoni nimekuja kukaa hapa migombani, pembeni yako, kwa hiyo usitegemee nitaondoka mapema. Habari nilizonazo ni ndefu. Ningekusimulia kwa mdomo tu, lakini juzi jirani alinikuta nikiongea na wewe, akampigia simu Adela kumwambia kwamba mama yake ameanza. Sasa naandika. Mtu akiandika hakuna anayemshangaa, wanadhani ana shughuli.

Kwanza ya nyumbani. Ule mkungu wa karibu na choo, uliokuwa ukiukagua kila asubuhi na kutukataza kuugusa, tumeshaula. Ulikuwa mtamu, pole. Mwanao Adela ameniletea jiko la gesi. Nimelifunika kitambaa na juu yake nimeweka redio yako, vyote viwili vinapendeza. Kiti chako hakuna anayekikalia. Sijamkataza mtu, wageni wenyewe wanakizunguka. Asiye na adabu ni paka, analala humo kutwa. Mbuzi wa jirani bado anaingia kwenye maharage.

Na mimi nimekukumbuka mpaka nimechoka kukukumbuka. Jioni naweka kahawa za kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, kana kwamba utatokea mlango wa nyuma ukipangusa viatu. Hutokei. Nazitafuna mwenyewe zote, halafu usingizi unanikimbia, halafu nakulaumu wewe.

Sasa lile lililonileta. Mdogo wako Fortunatus alikuja na fundi wa marumaru kupima kaburi lako. Unamjua Fortunatus, hawezi kufanya jambo bila hotuba. Akatangaza mbele ya wanajumuiya wote, tukiwa tumemaliza kusali Rozari sebuleni kwetu, kwamba chini ya msalaba patawekwa jiwe lenye maandishi: Hapa amelala shujaa aliyemfukuza kiboko kwa mwavuli.

Hadithi hiyo unaijua, wewe ndiye uliyeitunga. Samahani, wewe ndiye iliyekutokea. Mimi nimeisikia kwenye harusi, kwenye vilio, kwenye ubatizo wa watoto ambao walilala katikati yake. Ulikuwa kijana, bado hujanioa, ukinunua samaki visiwani. Mtumbwi ukakutoa Goziba ukakushusha asubuhi na mapema kwenye ghuba moja ya Muleba yenye mchanga mweusi na vichaka vya miiba mpaka majini. Ukapita kwa ubavu katikati ya jiwe lililopasuka, na koti lako, na mwavuli wako, na hapo kiboko akatoka vichakani akaja moja kwa moja. Hapo ulikuwa unanyamaza ili mtu aulize ulimpiga wapi. Mtu aliuliza siku zote. Nawe ulijibu kwa sauti ya chini: "Sikumpiga. Nilifungua tu."

Halafu unabonyeza, phwaa! Mwavuli unafunguka katikati ya sebule, watoto wanapiga kelele, pombe ya rubisi ya wageni inamwagika, na mimi naenda kutafuta kitambaa. Nilikuuliza mara ngapi: nani anamfungulia kiboko mwavuli? Alikuwa analowa?

Na ule waya wa mwavuli uliovunjika. Kila mgeni ulimwonyesha, ukisema ni jino la kiboko. Baba Adela! Waya ule niliuvunja mimi, mbele ya macho yako, nikimtimua mbuzi wa jirani. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye matuta. Jumapili iliyofuata nikasikia umeshakuwa jino, nami nikamimina chai nikanyamaza. Na mtu akikuuliza jino lilifikaje kwenye mwavuli ikiwa hukumpiga wala hakukugusa, ulikuwa unaomba chai iongezwe.

Basi siku ile ya hotuba, watu wote walipiga makofi isipokuwa Ma Evodia. Ndiyo, huyohuyo, bado ni mwenyekiti wa jumuiya, na bado anasali jicho moja likiwa wazi aone nani anasinzia. Alisubiri makofi yaishe. Akasema, "Fortunatus, waitu, maneno ya kaburini hayafutiki. Mnataka kuandika uongo chini ya msalaba?" Akaendelea kwamba ghuba ile sasa ni hifadhi, ufukwe na vichaka vyake vinalindwa, kuna njia za kutembelea na askari wa kuwaongoza watu. Jumuiya ilikuwa na mpango wa matembezi ya mwaka. Twende huko, tukawaulize wenye mahali pao. Wakisema kiboko anaweza kufukuzwa na mwavuli, iandikwe. Wakikataa, jiwe liwe na jina na tarehe tu kama la watu wengine.

Fortunatus akakubali kwa kupiga meza. Mimi niliitikia kwa kichwa tu.

Nikuambie ukweli, sikuogopa viboko. Niliogopa kwamba utakufa mara ya pili, safari hii huku watu wakicheka. Ile ya kwanza walau walilia.

Asubuhi ya kabla ya safari niliutoa mwavuli kwenye msumari wake. Bado una harufu ya koti lako. Nilikaa nao kitandani kidogo, halafu nikaona nitachelewa sokoni. Mjini nikaupitisha kwa yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, yuleyule aliyekuuzia, maana kitufe kilikuwa kimeshika kutu. Wamebaki wachache kwenye barabara ile, lakini yeye yupo na miwani yake. Alipouona akasimama. "Huu ni ule wa kiboko?" akauliza. Nikasema ndio. Akautia mafuta kwa mkono wake, akaufungua na kuufunga, akanirudishia. Unaona ulivyosambaza? Mpaka madukani.

Tukaondoka Kitendaguro asubuhi kwa Kosta ya kukodi, tukawapitia wenzetu wa Kagondo, tukaimba nyimbo za Bikira Maria mpaka sauti zikakauka. Fortunatus alikaa mbele na suti akimwelekeza dereva njia ambayo dereva anaijua. Ma Evodia alikaa nyuma yangu. Nilimsikia akipumua kwenye shingo yangu njia nzima.

Kwenye lango la hifadhi tulipokewa na askari msichana, jina lake Sifa, sare ya kijani, kofia, buti. Alitusomea masharti: msitoke kwenye njia, msipige kelele, msichume kitu. Na chakula chote kibaki kwenye gari, kwa sababu tumbili wa hapa wamezoea kunyang'anya.

Kuwaambia wanawake wa Kihaya waache vitoke kwenye gari! Tuliitikia wote kwa heshima, "Ndiyo, mwanangu," na kila mmoja akaanza kuhangaika na kitenge chake. Tulikuwa tumeamka mapema kupika, ndizi na maharage, moto moto, tumefunga kwenye majani ya mgomba. Mmoja alificha chini ya kofia. Mimi langu lilikuwa kwenye mkoba na Rozari juu yake. Ma Evodia, ambaye hafanyi jambo nusunusu, alilifunga furushi lake mgongoni kwa kitenge na kulifunika vizuri na mtandio, mwanamke wa umri ule. Sifa alipokuwa akituhesabu akamwangalia kwa huruma. "Bibi, mjukuu hatakusumbua na jua hili?"

"Amelala," akajibu Ma Evodia. Huyo ndiye asiyetaka uongo chini ya msalaba.

Tukaingia. Baba Adela, kwa nini hukuwahi kunileta? Ulisema kila mwaka, "Tutakwenda, Mama Adela," na kila mwaka kulikuwa na kahawa ya kuvuna au mtu wa kuzika. Ni pazuri. Vichaka si virefu, vimeshikana miiba kwa miiba, na ndani yake kuna kutembea, kuna kukohoa, kuna macho. Furukombe alikuwa juu ya mti mkavu akilia kichwa kikiwa nyuma. Minandi walikuwa wameanika mabawa kwenye mawe. Kenge mmoja alikatisha njia polepole sana akituangalia kwa dharau, na mama mmoja wa Kagondo akaapa kuwa anafanana na mwenyekiti wa mtaa wao. Kisha pongo. Alisimama kwenye uwazi, madoadoa meupe mgongoni, masikio yakizunguka, akatutazama tukamtazama, hata Fortunatus alifunga mdomo. Nikageuka kukwambia uangalie. Niligeuka kabisa, na mkono nikaunyoosha.

Hapo nililia kidogo. Nilisema ni vumbi.

Tuliposhuka ufukweni, mchanga ulikuwa mweusi. Nikasema moyoni, haya, mchanga mweusi uko mahali pengi. Halafu njia ikatuleta kwenye jiwe kubwa lililopasuka katikati, na ili upite ilibidi ugeuke ubavu. Nilipita nikiwa nimeushika mwavuli kifuani. Ma Evodia alikwama kwa sababu ya mjukuu, tukamvuta. Lakini mimi tayari nilikuwa najua. Ulifika hapa. Chochote ulichokuja kuongeza baadaye, ulifika hapa, ukapita kwenye jiwe hili na koti lako.

Upande wa pili Ma Evodia hakupoteza muda. "Mwanangu Sifa, kiboko hutoka hapa?" Sifa akatuonyesha mfereji uliochimbika kwenye nyasi kutoka vichakani hadi majini. Akasema hiyo ndiyo njia yao, usiku hutoka kula, alfajiri hurudi. Fortunatus akaruka kama kijana. "Mmesikia? Alfajiri!" Ma Evodia akainua kidole. "Na mtu anaweza kumfukuza kwa mwavuli?"

Yule msichana alicheka mpaka akashika kofia isianguke. Alidhani ni utani. "Bibi, kiboko hafukuzwi, yeye ndiye anakufukuza. Kama alirudi majini, basi ni kwa sababu alikuwa anarudi majini."

Wote wakacheka. Wanawake wa jumuiya yetu, waliokula harusi ya Adela, waliokulilia mpaka wakaishiwa sauti. Fortunatus alikuwa anaangalia viatu vyake. Na mimi nikacheka nao, Baba Adela, kwa sababu nisingecheka wangenionea huruma. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Sifa akatuacha tupumzike kwenye kibanda cha makuti karibu na maji, akaenda kuwaongoza wageni wengine waliokwama kwenye jiwe. Alipopotea tu, vitenge vikafunguliwa. Harufu ya ndizi na maharage ikajaa kibandani. Ma Evodia alimshusha mjukuu wake mapajani, akamfungua, akapiga ishara ya msalaba, akafumba macho. Safari hii alifumba yote mawili. Ndilo kosa lake.

Tumbili alishuka kutoka kwenye paa. Dume, mkubwa, uso mweusi. Alichukua furushi zima kwa mikono miwili, akaenda kukaa hatua chache mbele yetu kwenye mchanga, akaanza kufungua jani taratibu, kona kwa kona, kama mgeni wa heshima. Wenzake wakaanza kushuka nyuma yake.

Fortunatus akaokota fimbo. Ma Evodia akapiga ukunga. "Mama wee! Usimpige! Ni muziro wetu!"

Tulikuwa tumesahau. Kwa ukoo wa Ma Evodia tumbili ni muziro, hawamli, hawampigi, hawamtupii hata ganda. Fortunatus akabaki na fimbo hewani. "Kwa hiyo tumwache ale?"

"Mwache!" akasema Ma Evodia. Kisha akaangalia vitoke vyake, alivyoviamkia gizani. "Asile!"

Akamwendea mwenyewe, akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kumsihi kwa Kihaya cha heshima kabisa, kile cha kwenda kuombea mchumba. Tumbili alimsikiliza huku akitafuna. Halafu akaonyesha meno, yale marefu ya pembeni, akasogea mbele. Ma Evodia akarudi nyuma kwa magoti. Tumbili akasogea tena. Nyuma ya Ma Evodia sasa kulikuwa na matete, na nyuma ya matete maji. Aliniita. Kati ya watu wote aliniita mimi. "Mama Adela! Nisaidie, lakini usimpige!"

Sikujua nafanya nini. Nilijikuta nimesimama mbele ya yule mnyama, macho nimefumba, mwavuli nimeunyoosha mbele.

Sikumpiga, Baba Adela. Nilifungua tu.

Phwaa! Nilipofumbua jicho moja, tumbili alikuwa juu ya mti na wenzake wote, wakitutukana, na furushi lilikuwa mchangani. Hapohapo kwenye matete nyuma ya Ma Evodia pakatoka pumzi nzito, pfuuu, na tukaona masikio mawili madogo na pua, karibu kuliko kisima chetu kilivyo karibu na jiko. Kiboko. Alikuwa hapo muda wote. Alituangalia, akaangalia mwavuli. Akazama. Wimbi likaja likalowesha viatu vya Ma Evodia.

Fortunatus aliishusha fimbo taratibu.

Sifa alikuja mbio, akatugombeza kuhusu chakula, na ni haki yake. Alipoambiwa habari ya kiboko akasema viboko huzama kila mara, angezama hata bila mwavuli. Hakuna aliyemsikia, masikini. Ma Evodia alikuwa amekaa mchangani na kitoke mkononi, akirudia, "Ameuona. Kwa macho yangu. Ameuona akarudi."

Njiani kurudi hatukuimba. Ma Evodia alihamia kiti cha mbele akawa anasimulia, na waliokuwepo walimsikiliza kana kwamba hawakuwepo. Tulipokaribia Kagondo kiboko alikuwa ameshatoka majini. Tulipofika Kitendaguro alikuwa amefungua mdomo, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikisali Salamu Maria. Nikamtazama mwenyekiti wetu nikaelewa jinsi inavyotokea. Si uongo. Mtu anashindwa tu kuiingiza hofu yote ile katika hadithi ndogo.

Hapo nikakuelewa na wewe. Kile kitambaa cheusi kikifunguka mbele yako, humwoni mnyama tena. Wewe hukuufungua umfukuze, Baba Adela. Uliufungua ujifiche. Kijana mmoja peke yake kwenye mchanga mweusi, nyuma ya mwavuli, macho amefumba, akisubiri. Kwa nini hukuniambia uliogopa? Ningekupenda hivyohivyo. Nilikupenda hivyohivyo, hata kwa ile hadithi niliyoipangusia rubisi sakafuni miaka yote.

Fundi alirudi wiki hii. Ma Evodia mwenyewe alikuja kusimamia, akasema iandikwe shujaa, iandikwe kiboko, na kama nafasi inatosha ichorwe. Fortunatus alikuwa na hotuba mpya. Nikawaambia wote wawili wanywe chai, kaburi ni la mume wangu. Nimechagua mimi. Chini ya jina lako na tarehe zako imeandikwa: Alifungua mwavuli.

"Basi?" akauliza Fortunatus.

"Basi," nikasema. Ma Evodia akalisoma jiwe akalirudia, akitafuta uongo. Hakuuona.

Ninakuahidi haya. Mwavuli utarudi kwenye msumari wake, na hadithi nitaisimulia mimi sasa, kwenye harusi na kwenye vilio, na mwisho nitabonyeza, na rubisi nitaipangusa mwenyewe. Kila mwaka jumuiya ikienda Muleba nitakwenda, nitapita kwa ubavu kwenye jiwe lako, na nikimwona pongo nitakwambia. Jumapili mgeni mmoja ameniuliza ule waya umevunjwa na nini. Nilimwangalia usoni. Nikamwambia ni jino, kisha nikaenda kuongeza chai.

Wingu la ziwani limefika, matone yameanza kuangukia karatasi. Nimeufungua hapa juu yetu wawili. Unavuja upande wa waya uliovunjika, na huo ndio upande wangu, lakini sisogei. Lala, Baba Adela. Nitakaa mpaka mvua ipite.

Mkeo,
Mama Adela